État ya Namba Moja

Kila anayepita mezani kwangu sokoni Mulongwe ananiuliza nilipotelea wapi siku zile sita. Kila mmoja nimempa kipande chake cha habari, na sasa vipande vimeanza kugombana vyenyewe kwa vyenyewe. Nasikia kuna wanaosema nilishikwa kwa ujasusi. Wengine wanasema nilikwenda kuolewa Makobola. Hao wa kwanza hawako mbali sana na ukweli. Hao wa pili wananipa sifa nisizostahili, ila nawashukuru. Basi naandika yote kwa mpango, mpokezane msome, na mikono yenu iwe mikavu.

Kwa wale wasionijua vizuri: nauza na kununua magazeti ya picha ya zamani, yale tunayoyaita bede. Napima hali ya kila moja kabla ya kutaja thamani yake, na hali hiyo, kama walivyotufundisha wauzaji wa zamani, tunaiita kwa Kifaransa, état. Ninazo tano. État ya kwanza ni gazeti lililotoka mashineni jana. Ya pili limesomwa na mtu mmoja mwenye adabu. Ya tatu limesomwa na familia. Ya nne limesomwa na shule nzima. Ya tano limesomwa na panya. Kwenye orodha naandika namba hiyo, au neno tu: mbaya, imechoka, imeoza. Na kuna sheria moja isiyo na msamaha: gazeti likiguswa na kalamu ya biki, hata kama ni jina la mwenyewe tu, linashuka moja kwa moja hadi ya tano. Sipandishi état ya kitu ili kumfurahisha mtu. Marehemu mume wangu aliniuliza siku moja yeye ni état ngapi, nikamwambia ya tatu. Alinuna siku mbili.

Yeye ndiye aliyeanza kukusanya Kapita Songa. Wazee kati yenu mnamkumbuka: yule msimamizi wa ghala la pamba kule uwanda wa Ruzizi, tumbo mbele, baiskeli haina breki. Gazeti lake lilichapwa Bukavu, namba ishirini na nne tu, kisha mashine ikafa na mchoraji akarudi kulima. Mimi nilikuwa na ishirini na tatu. Iliyokosekana ilikuwa Namba Moja.

Ng'ambo, Bujumbura, kuna Bwana Deo, mwenye duka Buyenzi, ambaye amenunua kwangu miaka kumi na miwili bila kuona kitu kwa macho kwanza. Namtumia orodha, anasoma état, anaamini. Huyo aliniandikia kwamba akipata Kapita Songa zote ishirini na nne, na Namba Moja isiwe chini ya état ya tatu, atanipa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye mlango wa barabarani. Nikae humo, niuze vitabu, na niishi na mwanangu. Riziki wangu ana miaka kumi na sita. Vita hii ya pili ilipoanza alivuka na wifi yangu, mpaka ukafungwa nyuma yao, na nilikuwa sijamwona kwa miaka miwili. Kwa hiyo mama mmoja muuza samaki aliponiambia kwamba mwalimu mstaafu wa Makobola, Mzee Asukulu, anayo Namba Moja ndani ya kopo, sikuuliza mara mbili.

Kalundu

Wakati wa amani, Uvira hadi Makobola ni safari ya asubuhi moja. Unakunywa chai hapa, unakula chakula cha mchana kule. Lakini barabara ilikuwa imefungwa, ikabidi nipande mtumbwi wa injini bandarini Kalundu, na mtumbwi huo ulikuwa unaondoka "sasa hivi" tangu Jumatatu asubuhi hadi Jumanne saa nne.

Nilikuwa na mfuko mmoja tu. Ndani yake kulikuwa na daftari langu la orodha, nguo za kubadilisha, na Kapita Songa namba sita, ambayo ninazo nakala mbili, kwa ajili ya kulinganisha karatasi na rangi. Wapagazi wa Kalundu hawakuamini kwamba mtu anaweza kusafiri wakati wa vita kwa sababu ya gazeti. Nilipowaeleza kazi yangu walifurahi kupita kiasi, wakaanza kuniletea vitu nipime. Nilipima jembe, nikapima kofia, nikapima ndagala za mama mmoja, ambazo kwa kweli zilikuwa état ya kwanza, nikanunua na kula palepale na muhogo wa kuchoma.

"Na mutumbwi yetu?" mmoja akauliza. "Iko état ngapi?"

Nikautazama ubao, lami, na kile kitambaa kilichoziba tundu. "Ya nne," nikasema, "nikiwa na huruma."

Nahodha alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote. Tulipopanda alinionyesha mahali pa kukaa, karibu kabisa na kile kitambaa, akanipa kopo la maziwa tupu. Nilichota maji na kuyamwaga ziwani njia nzima, na kila nilipopumzika aliniuliza kwa upole kama état imepanda.

Bariere

Injini ilizimika kabla hatujafika hata nusu. Upepo wa ziwa ukatusukuma polepole hadi ufukweni, na pale ufukweni, kana kwamba tumepanga kukutana nao, kulikuwa na bariere ya wanajeshi: kamba, vijiti viwili, na meza ya shule. Sitasema ni wa upande gani. Mliokuwa hapa mnajua nani alikuwa na kamba mwaka ule, na msiokuwapo haitawasaidia.

Walipekua mifuko yote. Wa kwangu ulikuwa mwepesi, ndio uliochukua muda. Askari mmoja mrefu, mtu mzima mwenye mvi kidogo ndevuni, alilifungua daftari, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena, kisha akalipeleka kwa komanda wake aliyekaa kwenye ile meza. Komanda alikuwa anajua kusoma. Hapo ndipo shida ilipoanza.

"Kapita Songa," alisoma kwa sauti. "Namba kumi na moja. Mugongo umevunjika. Namba kumi na tano, imekosa katikati. Namba makumi mbili, imeliwa pembeni." Akainua macho. "Huyu kapiteni Songa iko wapi na bantu yake?"

"Haiko kapiteni, komanda. Iko kapita. Kapita wa pamba."

"Na hawa makumi mbili na tatu?"

"Iko magazeti."

"Magazeti yenye mugongo?"

Nikamweleza kwamba mgongo ni pale karatasi zinapokunjwa na kushonwa kwa pini. Nikatoa ile namba sita. Askari wakajazana kuangalia Kapita Songa akiingia mtoni na baiskeli yake, na yule mrefu akacheka hadi akashika kamba. Nikaona mambo yamekwisha, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Komanda hakuwa amecheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye safu ya mwisho ya orodha, ile ambayo juu yake nimeandika neno moja kwa herufi kubwa.

"Hiyo ya gazeti nimeelewa," akasema. "Sasa unielezee hii. État, mbaya. État, mbaya. État, imechoka. État, imeoza, haina faida tena. Mama, weye unaishi mu État ya nani hapa?"

Hapo nikaelewa. Neno letu la serikali, Leta, mtoto wa shule yeyote anajua limezaliwa na neno lilelile la Kifaransa. Nilikuwa nimebeba karatasi mbili zilizojaa maneno kwamba serikali imeoza, kwa mwandiko mzuri, na namba pembeni.

"Komanda, hiyo ni état ya karatasi. Namna karatasi iko."

"État iko moja," akasema. "Rekebisha."

Nilikasirika kuliko nilivyoogopa, na hiyo ndiyo kasoro yangu. Nilijaribu kubishana. Nikamwambia mtu wa ng'ambo anategemea neno langu. Akaniambia kwamba hata yeye ana mtu anayemtegemea, na mtu huyo akilisoma daftari langu hatacheka. Basi nikakaa chini ya jua, nikakata kila neno la safu ile kwa mstari na kuandika juu yake "bon", yaani nzuri, na nilipomaliza nilikuwa nimesema uongo mara ishirini na tatu. Akanyoosha mkono achukue daftari. Akafunua ukurasa uliofuata, ambao nilikuwa nimeuandaa kwa ajili ya kununua kwangu Makobola: mistari kumi mitupu, na juu yake safu nne, Namba, Jina, Mwaka, État. Akachukua kalamu yangu na kuijaza ile safu ya mwisho yeye mwenyewe. Bon, bon, bon, hadi chini, mara kumi, wakati mistari yote haina kitu bado. Kisha akatoa kashe yake kutoka mfukoni, akaipulizia pumzi, na kuupiga muhuri ukurasa mzima pale katikati.

"Sasa hata ukienda mbali," akasema, "État itabaki bon."

Hata hivyo tulikwama pale hadi Alhamisi, kwa sababu injini haikuwaka na nahodha alikataa kutuacha twende bila kumlipa nauli. Pale niliketi na baba mmoja aliyeshuka kutoka milima ya Bijombo na mtamba mmoja, naye akashikiliwa kwa sababu mtamba hana karatasi. Alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando, akanimiminia kwenye lile kopo langu la kuchotea maji, nikanywa bila kupima état. Nilimlalamikia juu ya mistari yangu ishirini na tatu. Nikamweleza na sheria yangu ya kalamu.

"Minye siielewi hiyo biashara yako," akasema. "Kwetu ng'ombe yenye haiko na alama ndiyo tunaiogopa kununua. Yenye iko na kovu, hata ikipotea mbali, muntu atasema: hii ni ya fulani."

Nikamwambia ng'ombe si gazeti. Akakubali, akaniongezea maziwa.

Kwa miguu

Alhamisi asubuhi nilichoka kungoja, nikamlipa nahodha, nikamwachia mtumbwi wake na kwenda kwa miguu kando ya maji. Sina mengi ya kusema juu ya njia hiyo. Mashamba ya muhogo yalikuwa na majani marefu kwa kukosa watu wa kupalilia. Nyumba nyingine zilikuwa na milango, nyingine hazina. Nilikutana na wanawake watatu waliokwenda kinyume changu wamebeba magodoro, nao wakanishauri nigeuze. Nikawauliza kama wanamjua Mzee Asukulu. Mmoja akasema, "Mwalimu? Yeye hakimbiake tena. Anasema miguu ilimaliza hesabu yake." Nikashukuru na kuendelea, na nilikuwa na hofu, sioni haya kuisema.

Makobola

Mzee Asukulu nilimkuta kwenye kiti mbele ya nyumba yake, amevaa koti la suti bila shati. Mkwewe, Mama Sifa, alinikaribisha kwa bugali, sombe na mukeke mmoja mzima, samaki ambaye kwa hali ile ya vita sikustahili kupewa. Watoto walikaa mkekani wakinitazama nikila. Nikagawa mgongo wa samaki, nao wakasogea.

Mwalimu ni mwalimu. Kabla ya kunionyesha chochote aliomba kwanza kuona daftari langu, apime kama najua kazi. Akavaa miwani yenye kioo kimoja na kusoma ukurasa wa kwanza, kisha wa pili.

"Mama Riziki," akasema, "hii daftari haiko ya muntu wenye kupima. Namba kumi na moja mugongo umevunjika, na état iko bon?"

Nikamweleza ya bariere. Alicheka bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyocheka, kisha akamtuma Mama Sifa alete kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi ya saruji, na ndani ya karatasi Namba Moja. Nisikilizeni vizuri hapa. Rangi nyekundu ya kofia ya Kapita Songa ilikuwa nyekundu bado. Pembe zote nne zilikuwa kali. Pini hazikuwa na kutu, mgongo umenyooka, karatasi ya ndani nyeupe kama siku ya kuchapwa. Niligeuza ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, na katika kila ukurasa niliuona ule mlango wa Buyenzi unafunguka zaidi. État ya pili. Nilikuwa naanza hata kujiuliza kama si ya kwanza.

Halafu nikafika ndani ya jalada la nyuma. Upande huo katika kila namba ulikuwa mweupe mtupu, na nje yake tangazo la sabuni. Hapo kulikuwa na majina tisa, kwa biki ya bluu, yamekandamizwa hadi karibu yatoboe karatasi.

Sikuweza kuficha uso wangu. Mzee akauliza, "Juu ya nini umenyamaza?"

"Nani aliandika humu?"

"Ni minye." Akanionyesha wale waliokaa mkekani. "Ni batoto ya bana wangu. État civil ya Uvira, kule banaandika batoto, iliungua na vitabu yote. Karatasi za hapa nyumbani nazo zikaenda na moto. Hii gazeti tu ilipona, ilikuwa mu kitunga ya ndizi. Nikasema, bantu hawa wataishi pasipo kuandikwa? Nikatafuta karatasi safi. Hapa ndani hakukuwa karatasi safi kupita hii."

Ndiyo hivyo. Aliiharibu kwa sababu ilikuwa nzuri. Nilimwambia ukweli: kwamba kwa biki ile Namba Moja imeshuka hadi état ya tano, na kwamba mtu wangu anataka ya tatu. Nikamwambia hata juu ya Riziki na chumba, ingawa muuzaji hapaswi kujua mnunuzi anahitaji nini.

"Minye ningekupa," Mzee akasema. "Bede nimeisoma, naijua kwa kichwa. Lakini bantu yangu uniachie." Kisha akavuta daftari langu tena, na safari hii akafunua ukurasa wa tatu. Akausogeza karibu na kioo chake kimoja. "Hii iko kashe?"

"Ni ya yule komanda."

"Namba. Jina. Mwaka. État." Alikuwa anasoma kama anayesoma mbele ya darasa. "Na hapa imeshaandikwa bon, kwa mukono yake mwenyewe. Mama, hii njo fiche, karatasi ya état civil. Ile yangu haiko na kashe. Ukipita na yangu bariere, batakucheka. Na hii watakuuliza nini?"

Sikuwa nimeiona hivyo. Tukakubaliana palepale: yeye anipe Namba Moja, mimi nimwandikie watoto kwenye ukurasa ule na kuukata. Mama Sifa akafuta meza mara mbili. Mzee akasoma kutoka kwenye gazeti, mimi nikaandika kwa mwandiko wangu wa orodha, ule wa kumtumia Bwana Deo, na kila mtoto aliyetajwa alisimama. Sifa. Bahati. Etienne. Kila jina lilikuwa linaangukia kwenye mstari ambao mwisho wake tayari kuna neno bon.

Jina la nne lilikuwa Neema. Hakuna aliyesimama. Nikatazama kwenye gazeti na kuona pembeni ya jina msalaba mdogo.

"Alikufa mu kukimbia," Mzee akasema. "Vita ya kwanza. Alikuwa na miaka tatu."

Mama Sifa alikuwa amegeukia mlango. Nilishika kalamu juu ya ule mstari, ambao komanda alikuwa ameshaujaza. Nikauliza kama nikate lile neno.

"Acha vile," Mzee akasema. "Alikuwa bon."

Nikaandika Neema, na mwaka, nikaliacha neno lilivyo. Tulipomaliza wa tisa, Mzee alipiga mstari kwenye nafasi ya kumi, ili asije mtu mwingine kujiingiza katika familia yake, na ukurasa ukakunjwa na kuingia kwenye kopo mahali pa gazeti. Akanikabidhi Namba Moja kwa mikono miwili.

"Hiyo jalada ya nyuma unaweza kuitupa sasa," akaniambia.

Hayo ndiyo maneno aliyosema, na lazima niwaeleze kwa nini yalinichoma. Mnakumbuka nilikuwa na namba sita mfukoni, ya ziada. Jalada lake la nyuma ni lilelile, tangazo la sabuni lilelile, jeupe ndani. Mtu mwenye kisu chembamba anainua pini mbili, anatoa jalada moja, anaweka jingine, anarudisha pini katika matundu yake. Katika kazi yetu tunaita kuvalisha. Hakuna jicho ambalo lingeona, hata langu. Namba Moja ingekuwa état ya pili, chumba kingekuwa changu, na Mzee mwenyewe ameniruhusu.

Asubuhi ya Ijumaa, Mama Sifa akiwa mtoni na watoto, na Mzee ameketi kwa jirani, niliinua pini ya kwanza. Nataka mjue kwamba niliinua. Niliinua na ya pili, na jalada lilikuwa limelegea mkononi mwangu. Nikatazama majina kwa mara ya mwisho, nikauona ule msalaba. Kwenye ukurasa wa kashe hakuna msalaba. Kule Neema ni bon kama wenzake, na ni sawa iwe hivyo kwa kupitia bariere. Lakini kwamba alikufa, na kwamba kuna mtu alikaa chini na kuuchora msalaba huo polepole asitoboe karatasi, hayo yaliandikwa hapa tu. Nilirudisha pini. Halafu nilikaa nikalia kwa ajili ya Riziki, kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu nyumbani.

Kurudi

Nilirudi njia ileile kwa miguu. Bariere ilikuwa palepale, ila meza ya shule ilikuwa tupu. Komanda alikuwa ametumwa kusini. Alibaki yule askari mrefu mwenye mvi, naye alinikumbuka. Akauliza Kapita Songa hajambo. Akafungua daftari, na safari hii akalishika sawasawa, nikajua kuna mtu amemwonyesha. Akafika pale ukurasa ulipokatwa.

"Ile ya kashe iko wapi?"

Nilikuwa nimetunga jibu njia nzima, nikasahau lote. "Imebaki Makobola. Nimeandika humo batoto wa Mwalimu. Karatasi zao ziliungua."

Alipitisha kidole kwenye ukingo uliochanika. "Wote wamepata kashe?"

"Wote."

"Minye yangu iliungua Mwenga," akasema. Akangoja kidogo, kama vile kuna kitu ningeweza kufanya. Kisha akainua kamba, nikapita chini yake nimeinama. Mtamba wa baba wa Bijombo alikuwa bado amefungwa pale kwenye mti. Mwenyewe sikumwona, na nilipouliza askari alisema amekwenda kutafuta karatasi.

Jumamosi jioni niliingia Kalundu, nikanunua ndagala kwa yule mama, nikafika nyumbani.

Mulongwe

Niliandika orodha upya kwa daftari jipya. Namba kumi na moja, état mbaya, mgongo umevunjika. Zote ishirini na tatu kama zilivyo. Kisha nikaandika: Namba Moja, état ya tano, watoto tisa wameandikwa kwa biki ndani ya jalada la nyuma. Nikampa mama mmoja anayevuka kwa siri na mboga, naye akaifikisha Buyenzi.

Jibu lilichukua wiki tatu. Bwana Deo ni mtu muungwana, ameandika kwa upole. Anasikitika. Zile ishirini na tatu anazitaka, atazilipia vizuri, lakini chumba alikiweka kwa ajili ya mkusanyo kamili, na état ya tano kwake si Namba Moja. Nikipata nyingine, mlango upo. Nilisoma mara mbili, nikakunja. Sikumkasirikia. Mimi pia ningeandika hivyo.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyingine, ya Riziki. Macho ya Bwana Deo yamedhoofika, na siku hizi anamwita aende kumsomea barua. Kwa hiyo mwanangu ndiye aliyesoma orodha yangu kwa sauti, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na alipofika kwa watoto tisa alisimama. Ananiandikia kwamba anakula vizuri, kwamba wifi yangu anaumwa mguu, kwamba shule ya kule imemwomba karatasi ya kuzaliwa na hana la kuwajibu, kwa kuwa yake iliungua Uvira pamoja na za wengine. Mwisho ameuliza swali moja, na ameliuliza kama tunavyosema nyumbani. "Mama, na minye, nimeandikwa wapi?"

Nilikuwa hapa mezani, mchana, na baadhi yenu mlikuwa mnachagua vitabu mbele yangu. Niliitoa Namba Moja kwenye plastiki yake. Naijua shule. Haitapokea gazeti la Kapita Songa, halina kashe. Nilifungua jalada la nyuma, chini ya mtoto wa tisa, pakiwa na nafasi. Miaka yote hii sijawahi kuweka kalamu juu ya bede. Nikaandika kwa biki: Riziki, jina la baba yake, mwaka, Uvira. Mzee Asukulu hakuchora safu, kwa hiyo mbele ya jina niliichora mwenyewe, nikajaza neno.

Bon. Sipandishi état ya kitu ili kumfurahisha mtu, na hapo pia sikupandisha.